Chai ya Kijani Haifagii Amiloidi

Amiloidosisi, ugonjwa wa protini zilizopoteza umbo na kutanda kwenye viungo, si uchafu ulioingia kwenye damu, kwa hiyo hakuna kinywaji cha kuusafisha. Sentensi hiyo moja ingekuwa inatosha, maelezo yanayofuata yasingehitajika. Lakini katika kliniki za magonjwa ya damu swali la kwanza la mgonjwa na ndugu zake limebaki lilelile: anywe nini ili mwili uyatoe mabaki hayo ya protini? Majibu tayari yamo kwenye simu za watu: chai ya kijani, mlonge, tangawizi na kitunguu saumu, na vidonge vya "kusafisha damu" vinavyouzwa kwa kuambizana. Swali lenyewe ndilo lenye kasoro. La kuuliza kwanza ni protini ipi iliyopoteza umbo lake, na ni seli zipi zinazoizalisha.

Katika aina iitwayo AL, chanzo ni seli za plazma zilizo ndani ya uboho. Kizazi kimoja cha seli hizo huanza kumwaga vipande vya kingamwili viitwavyo minyororo myepesi, vikajikunja vibaya, vikashikana kuwa nyuzi na kutanda kwenye moyo, figo, ini, utumbo na mishipa ya fahamu. Seli hizo ni za ukoo mmoja na zile za saratani ya mieloma, ingawa mara nyingi idadi yake ni ndogo. Katika aina ya ATTR, protini yenye hitilafu ni transthairetini, ambayo karibu yote hutengenezwa na ini. Katika aina ya AA, chanzo ni uvimbe wa ndani uliodumu miaka: kifua kikuu kisichotibiwa, ukoma, usaha wa mfupa, baridi yabisi. Aina hizo tatu huonekana sawa chini ya darubini, zikipakwa rangi ya Congo red na kumulikwa kwa mwanga maalumu unaozifanya ziwe za kijani. Tiba zake hazina lolote la pamoja. Dawa inayomwokoa mgonjwa wa aina moja haimfai wa aina nyingine, na tangazo linalodai kutibu "amiloidi" bila kusema ni ipi limejiumbua lenyewe.

Chai ya kijani inastahili kujadiliwa peke yake, kwa kuwa sifa zake hazikutoka kwa mganga wa mtaani. Zilitoka kwa profesa. Werner Hunstein, daktari bingwa wa damu wa Heidelberg, Ujerumani, alipatwa na amiloidosisi ya AL, akaanza kunywa chai hiyo kwa wingi kila siku, na mwaka 2007 akaandika barua katika jarida la Blood akieleza kwamba hali ya moyo wake imekuwa nafuu. Barua ilikuwa ya kweli na mwandishi alikuwa mtu makini. Ila ni barua kuhusu mgonjwa mmoja, ambaye alikwisha kupewa dawa za kuua seli za plazma kabla ya chai. Moyo wenye amiloidi huendelea kupata nafuu polepole kwa miezi, hata miaka, baada ya uzalishaji wa minyororo myepesi kupungua. Nani basi ajuaye ni kipi kilichomsaidia? Barua moja haiwezi kujibu, na haikudai kujibu. Waliofuata ndio waliodai.

Maabara nayo iliongeza kuni kwenye moto huo. Kemikali kuu ya chai ya kijani, EGCG, ikimwagwa kwenye chupa yenye protini zinazojikunja vibaya, huzigeuzia njia zisiunde nyuzi. Jambo hilo limeonyeshwa vizuri na halina ubishi. Lakini kati ya chupa na moyo wa mtu kuna tumbo, utumbo na ini, na sehemu kubwa ya EGCG inayonywewa haifiki kwenye damu ikiwa nzima. Watafiti wa Florence, Italia, walipowafuatilia wagonjwa wa moyo wenye aina ya ATTR waliotumia EGCG na wasioitumia, wakatoa matokeo mwaka 2018, hawakuona waliotumia wakiishi muda mrefu zaidi.

Mambo yangeishia hapo, chai ingekuwa anasa isiyodhuru. Hayaishii hapo. Bortezomibu ni nguzo ya matibabu ya AL na ya mieloma duniani kote, na ndani ya molekuli yake kuna kiungo cha asidi ya boroni kinachofanya kazi ya kuua seli. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walionyesha kwamba EGCG hukishika kiungo hicho na kuifunga dawa mikono: katika seli za maabara na katika panya, uvimbe wa saratani uliokuwa ufe haukufa. Vitamini C ya kiwango kikubwa, pendekezo jingine lisilokosekana kwa majirani, ilionyesha tabia ya namna hiyo hiyo katika panya. Miaka miwili baadaye watafiti wengine walitumia viwango vinavyolingana na vile ambavyo binadamu huvipata kwa chakula au vidonge vya nyongeza, na EGCG haikuizuia dawa. Watetezi wa chai hulikimbilia jaribio hilo, bila kuona linawapeleka wapi. Kama kiwango cha kwenye kikombe ni kidogo kiasi cha kutoigusa bortezomibu iliyomo kwenye damu, ni muujiza gani utakifanya kiyeyushe nyuzi zilizotanda moyoni kwa miaka? Na kama kiwango ni kikubwa kiasi cha kufanya kitu, kitu cha kwanza kinachoweza kukifanya ni kuiharibu sindano ambayo familia imeuza ng'ombe ili kuilipia.

Vidonge vya dondoo la chai ni hatari ya aina nyingine. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikadiria mwaka 2018 kwamba chai ya kawaida humpa mnywaji miligramu 90 hadi 300 za EGCG kwa siku, na kwamba miligramu 800 au zaidi kutoka kwenye vidonge huinua vimeng'enya vya ini, dalili ya ini kuumia. Mgonjwa wa amiloidosisi huenda ini lake limekwisha kuvamiwa. Figo zake pia. Kuongeza juu yake mchanganyiko wa mitishamba usiojulikana una nini ni kucheza na viungo viwili ambavyo daktari anapigana kuvinusuru.

Wapo wanaodhani wataalamu hawapendi wazo la kufagia amiloidi. Wamelijaribu kwa fedha nyingi. Doksisaiklini, antibiotiki rahisi inayopatikana kila duka la dawa, ilivunja nyuzi katika panya, na wagonjwa walioitumia katika rekodi za zamani walionekana kuishi zaidi. Ndipo ikafanyiwa jaribio halisi nchini China: wagonjwa 140 wa AL ya moyo waligawanywa kwa kura, wote wakapata bortezomibu na dawa mwenza, nusu wakaongezewa doksisaiklini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakuonyesha faida yoyote. Kingamwili ya birtamimabu, iliyotengenezwa mahususi kuzishika nyuzi ili mwili uziondoe, ilisimamishwa katika jaribio kubwa mwaka 2018, ikarudishwa kwa wagonjwa mahututi zaidi, ikashindwa tena mwaka 2025. Mwaka huohuo anselamimabu, nyingine ya kundi hilo, nayo haikufikia lengo kuu la majaribio yake. Ikiwa kingamwili zilizoundwa kwa kazi hiyo moja zimeshindwa kuifanya, pakiti ya majani ya chai ina kazi ya ziada ya kujieleza. Nyumba inayovuja haikauki kwa kudeki. Huzibwa paa kwanza.

Kuziba paa, yaani kuzima kwa dawa seli zinazozalisha protini hiyo, ndiko kulikofanikiwa, tena kwa ushahidi wa kura na makundi ya kulinganisha. Hata madaktari walikuwa na kipenzi chao kisichofaa: kolkisini, dawa ya jongo. Ilipewa wagonjwa wa AL kwa miaka kwa sababu tu ilionekana kuwafaa wenye homa ya kurithi ya Mediterania, ambao huzuiwa nayo kupata aina ya AA. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1997, lenye wagonjwa 220, lilimaliza ubishi. Waliopewa kolkisini peke yake waliishi wastani wa miezi 8.5, waliopewa melfalani na prednisoni miezi 18, na waliopewa zote tatu miezi 17. Kolkisini haikuongeza kitu. Mwaka 2007 Wafaransa walipima upandikizaji wa seli mama dhidi ya vidonge vya melfalani na deksamethasoni kwa wagonjwa 100, na vidonge vikashinda, miezi 56.9 kwa 22.2, kwa kiasi kikubwa kwa sababu upandikizaji wenyewe uliwaua waliokuwa dhaifu. Kisha ikaja ANDROMEDA, jaribio la wagonjwa 388 lililochapishwa mwaka 2021: daratumumabu ilipoongezwa kwenye bortezomibu, siklofosfamidi na deksamethasoni, protini yenye hitilafu haikuonekana tena kwenye vipimo vya wagonjwa 53 kati ya kila 100, dhidi ya 18 wa kundi lisiloongezewa. Wenye moyo ulioathirika kupita kiasi hawakuingizwa, jambo linalosahauliwa na wanaozitaja takwimu hizo kwa haraka.

Yaliyobaki ni ya kutenda. Mkojo wenye povu, miguu kuvimba, ganzi, ulimi kunenepa, madoa ya zambarau kuzunguka macho, au moyo unaoonekana mnene kwenye eko huku mawimbi ya ECG yakiwa madogo: dalili hizo zikikutana mbili au zaidi, vipimo viombwe bila kungoja. Vipimo ni imunofiksesheni ya damu na ya mkojo pamoja na minyororo myepesi huru. Kinyama cha mafuta ya tumbo na cha uboho vikichukuliwa pamoja hugundua takriban wagonjwa 85 kati ya 100 wenye AL. Aina ya protini ithibitishwe kabla ya dawa yoyote. Skani ya mifupa inayotambua ATTR ya moyo haisomeki kwa uhakika mpaka AL iwe imeondolewa. Daratumumabu isipopatikana au isipolipika, bortezomibu na wenzake zatosha kuanzia; nayo ikikosekana, melfalani na deksamethasoni ni vidonge vyenye ushahidi. Upandikizaji ni kwa wachache wenye moyo imara. Chumvi ipunguzwe, dawa za kukojosha maji zitumike, verapamili na diltiazemu ziepukwe, digoksini itolewe kwa uangalifu, na dawa za presha zipunguzwe pale presha inaposhuka mgonjwa akisimama. Minyororo myepesi ipimwe upya kila mwezi au kila mzunguko wa dawa. Isiposhuka haraka, dawa ibadilishwe. Kwa ATTR ya moyo, tafamidisi ilipunguza vifo katika miezi 30 kutoka asilimia 42.9 hadi 29.5 katika jaribio la mwaka 2018, na sasa zipo pia akoramidisi na vutrisirani, zote ghali. Kwa AA, kifua kikuu kitibiwe hadi dozi ya mwisho, mfupa wenye usaha usafishwe na mpasuaji, na baridi yabisi ipewe dawa za kuituliza kinga.