Barua Njema Yazuiwa Mlangoni

Ndugu msomaji, fikiri umepeleka barua ya kuomba kazi. Anwani ni sahihi na maneno ni ya adabu, lakini barua haifiki, wala hakuna anayekueleza sababu. Hayo huwapata wengi walioamua kuendesha wenyewe seva ya barua pepe, bila ya kuyategemea makampuni makubwa.

Chanzo ni barua taka. Mei 3, 1978, Gary Thuerk, muuzaji wa kompyuta huko Marekani, alipeleka tangazo la biashara kwa watu wapatao 400 kwa mpigo. Nao utaratibu wa kupeleka barua pepe uitwao SMTP, ulioandikwa na Jon Postel mwaka 1982, ulijengwa juu ya kuaminiana: mtu aliweza kujiita jina lolote. Matapeli walipoiona nafasi hiyo, hapakuwa na budi kuweka mabawabu.

Leo bawabu hutaka hati. Je, namba ya seva yako katika intaneti, ikitafutwa, huonyesha jina lako? Je, umetangaza seva zinazoruhusiwa kutumia jina hilo? Hiyo ndiyo SPF. Je, barua ina sahihi isiyoghushika? Hiyo ni DKIM. Hati ya tatu, DMARC, humwagiza bawabu la kufanya mambo yasipolingana. Tangu Februari 2024, Google inamtaka kila mpelekaji awe na SPF au DKIM. Anayepeleka barua 5,000 au zaidi kwa siku sharti awe na zote tatu.

Hata hivyo, hati pekee hazitoshi. Samaki mmoja akioza, wote huoza. Namba uliyoikodi leo pengine jana ilikuwa ya tapeli, na bado imo katika orodha za wanaokataliwa, kama zile za Spamhaus, shirika lililoanzishwa mwaka 1998. Wewe hukukosa, lakini unaadhibiwa.

Ufanye nini basi? Ichunguze namba kabla ya kuikodi. Ikiwa imo orodhani, omba iondolewe. Anza kwa barua chache, uongeze polepole, kwani sifa njema haijengwi kwa siku moja. Ukishindwa, pokea barua kwa seva yako, na za kupeleka zipitishe kwa kampuni yenye sifa.

Bawabu ni wa lazima, ndugu msomaji. Lakini mwenye hati halali anaporudishwa kimyakimya, barua pepe, iliyokuwa mali ya wote, hugeuka kuwa milki ya wachache.