Mtoto Anapohamia Kitanda Chake

Katika nyumba nyingi za Tabata, kuanzia Relini hadi Kimanga, mtoto mdogo hulala kwa namna moja kati ya mbili. Wapo wanaolazwa katika kitanda kidogo chenye uzio wa mbao pande zote nne, ambacho mara nyingi kimekwisha kupita kwa mtoto wa shangazi na wa jirani kabla ya kufika kwao. Wapo pia, na pengine hao ndio wengi, wanaolala na mama kitanda kimoja chini ya chandarua kimoja. Namna zote mbili zina ukomo. Hufika siku mtoto akaanza kupandisha mguu juu ya uzio, au mama akawa mjamzito tena na kitanda cha tano kwa sita kisiwatoshe watu watatu, sembuse wanne. Hapo ndipo fundi seremala anapoitwa, au safari ya Keko inapofanyika, na mtoto akapata kitanda chake.

Swali ambalo wazazi huanza nalo ni la umri. Kwa kawaida mabadiliko haya hufanyika mtoto akiwa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu na nusu. Inapowezekana ni vyema kusubiri akaribie miaka mitatu, kwa kuwa mtoto wa umri huo huelewa anapoambiwa abaki kitandani. Hata hivyo kimo hutangulia umri: madaktari wa watoto wa Marekani huelekeza kuwa mtoto aliyefikia takriban sentimita 90 asilazwe tena katika kitanda cha uzio. Mzazi asiyekuwa na futi nyumbani amwombe mhudumu wa kliniki ampimie siku ya kupima uzito. Na mtoto aliyekwisha kuruka uzio hata mara moja hana sababu ya kusubiri, maana kuanguka kutoka juu ya uzio hadi kwenye sakafu ya saruji ni hatari kuliko kubingirika kutoka kitanda kifupi.

Kitanda chenyewe hakihitaji mbwembwe. Cha futi tatu kwa sita kitamfaa mpaka amalize shule ya msingi. Fundi aombwe kupunguza miguu ili kiwe chini, na kwa wiki za mwanzo godoro linaweza hata kuwekwa sakafuni juu ya mkeka. Kama kitanda kinaegemea ukuta, kiegemee barabara, kwani mwanya kati ya godoro na ukuta unaweza kumnasa mtoto. Dabodeka zimependwa sana siku hizi kwa sababu vyumba ni vidogo, lakini mtoto aliye chini ya miaka 6 asilale juu, hata akilia namna gani.

Jambo ambalo husahaulika ni chandarua. Familia hununua mbao, godoro na shuka zenye picha, kisha mtoto akahamia kitanda kipya huku chandarua kikibaki kwa wazazi. Alikuwa amekingwa tangu kuzaliwa, na usiku wa kwanza wa kulala kwake mwenyewe ndio usiku wa kwanza wa kuumwa na mbu wa malaria. Watoto walio chini ya miaka mitano ndio ambao malaria huwaua zaidi, na kwa hiyo kosa hili si dogo.

Kwa utaratibu wa taifa, chandarua chenye dawa hutolewa bila malipo kwa mjamzito anapohudhuria kliniki mara ya kwanza, na tena kwa mtoto anapopata chanjo ya surua akiwa na miezi 9. Kile cha pili ndicho cha kitanda chake, na ni vyema kikatunzwa kwa kazi hiyo badala ya kugeuzwa pazia au uzio wa bustani ya mchicha. Kikitolewa kwenye mfuko kianikwe kivulini kwa saa 24 kabla ya kutumiwa. Kifuliwe kwa sabuni ya kawaida, pasipo dawa ya kung'arisha, na kikaushwe kivulini, kwa sababu jua huharibu dawa. Chandarua cha aina hii hutarajiwa kudumu miaka mitatu hivi au kufuliwa mara 20. Kwa kitanda kifupi, pindo zichomekwe chini ya godoro, na kamba za kufungia zikatwe fupi zisimfikie mtoto. Dengi, ambayo ilisumbua Jiji letu mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huenezwa na mbu wanaouma mchana. Basi mtoto anapolala baada ya chakula cha mchana, chandarua kishushwe vilevile.

La pili ni uhuru. Uzio ulikuwa unamzuia mtoto, na mikono ya mama ilikuwa inamzuia. Sasa anaweza kuamka saa tisa usiku na kutembea nyumbani kimya kimya. Katika eneo ambalo maji hukingwa kwenye ndoo na mapipa, hatari kubwa kwake ni ndoo isiyofunikwa. Kichwa cha mtoto wa umri huu ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinama akatumbukia hawezi kujiinua, na maji ya sentimita chache tu yanatosha kumziba pua na mdomo. Wala hapigi kelele. Kila chombo cha maji kifunikwe kwa mfuniko unaobana, na mlango wa bafuni ufungwe kwa komeo la juu. Mafuta ya taa, dawa na viberiti vipandishwe juu, na jiko la mkaa lisilale ndani hata likiwa limezimwa nusu, maana hewa yake ya sumu haina harufu.

La tatu huzungumzwa kwa sauti ya chini, lakini hatuna budi kuliandika. Kumhamisha mtoto kusiwe kumlaza na mgeni, na hata ndugu aliyekuja mjini kutafuta kazi ni mgeni kwa maana hii. Chumba kikiwa kimoja, godoro la mtoto libaki upande wa wazazi, likitengwa kwa pazia. Mwenye shaka yoyote kuhusu usalama wa mtoto, awe wake au wa jirani, anaweza kupiga simu namba 116 bila malipo, au kumwona ofisa ustawi wa jamii.

Usiku wa mwanzo utakuwa mgumu. Mwanangu wa kwanza alirudi kitandani kwetu mara nne usiku mmoja, akiwa na mto wake mkononi. Mrudishe bila ugomvi na bila hadithi ndefu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 11 hadi 14 za usingizi kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka mitatu hadi minne, usingizi wa mchana ukiwemo. Kama mdogo wake yuko njiani, ahamishwe miezi miwili kabla ya mama kujifungua, asije akadhani kuwa amefukuzwa na mgeni.

Kuhusu kile kitanda cha uzio, bila shaka jirani ameshakiulizia. Kabla hakijatoka, kagua skrubu zote, na hakikisha nafasi kati ya fito hazizidi sentimita 6 na kwamba hakuna ufito uliolegea. Godoro likiwa dogo kiasi cha kuingiza vidole zaidi ya viwili pembeni, jirani atafute jingine.