Ukimya na Sauti katika Filamu ya Tongues Untied ya Marlon Riggs

Filamu nyingi za hali halisi humweka msimulizi nje ya tukio, akieleza maisha ya watu wengine. Marlon Riggs (1957–1994), mtengenezaji filamu Mmarekani Mweusi, aliukiuka mtindo huo katika Tongues Untied (1989), inayohusu utambulisho wa wanaume mashoga Weusi nchini Marekani. Humo anasimama mwenyewe mbele ya kamera na kusimulia jinsi alivyonyamazishwa mara mbili: baadhi ya Weusi wenzake walimdharau kwa ushoga wake, na katika mtaa wa Castro, San Francisco, mashoga Weupe hawakumtambua kwa sababu ya rangi yake. Ushahidi wake unaungana na mashairi ya Essex Hemphill, dansi na vichekesho. Hivyo sauti ya mmoja inakuwa ya wengi. Uamuzi huo ulikuwa na uzito, kwani UKIMWI ulikuwa ukiwaua wasemaji wenyewe: Riggs alifariki mwaka 1994, Hemphill mwaka 1995. Filamu iliporushwa na televisheni ya umma mwaka 1991, baadhi ya vituo vilikataa kuionyesha. Kwa hiyo, fani ya filamu hii haitenganishwi na maudhui yake, kwani kusema kwenyewe ndiko kulikokatazwa.