Mpira wa Kikapu: Mchezo Uliobuniwa Kutuliza Fujo

Wapo wanaodhani kwamba sheria huwekwa ili kuwanyima vijana furaha. Chimbuko la mpira wa kikapu laonyesha kinyume chake.

Mwezi Desemba 1891, katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Marekani, palikuwa na darasa la wanafunzi 18 walioshindikana. Baridi iliwafungia ndani, na mazoezi ya viungo yaliwachosha. Mwalimu James Naismith, mzaliwa wa Kanada, akapewa siku 14 abuni mchezo utakaowafaa. Alijaribu kwanza kuingiza ukumbini michezo ya nje, lakini wachezaji wakaumizana.

Naismith hakukimbilia adhabu. Alitafuta chanzo cha ugomvi. Aliona kuwa wachezaji huangushana kwa sababu mwenye mpira hukimbia nao, basi akakataza kukimbia na mpira. Aliona pia kuwa lango lililo chini hushawishi watu kupiga kwa nguvu, basi makapu mawili ya matunda yakatundikwa kwenye roshani, yapata meta tatu juu, ili shabaha ishinde mabavu.

Ndipo akaandika kanuni 13. Ilikatazwa kumpiga mwenzio kikumbo, kumshika, kumsukuma, kumtega au kumpiga. Kosa la kwanza lilihesabiwa. La pili lilimtoa mchezaji hadi goli lifuatalo lifungwe. Na aliyekusudia kuumiza aliweza kutolewa kwa mchezo mzima, bila mwingine kushika nafasi yake. Makosa matatu mfululizo ya timu moja yaliwapa wapinzani goli, hivyo kila mchezaji akawa mlinzi wa nidhamu ya wenzake. Waamuzi walikuwa wawili: mmoja aliwaangalia watu, mwingine aliuangalia mpira.

Mchezo wa kwanza, wachezaji tisa kwa tisa, ulimalizika kwa goli moja tu. Hata hivyo, wanafunzi wale wale walioshindikana ndio walioanza kuueneza. Mwaka 1936 Naismith aliushuhudia ukichezwa katika Michezo ya Olimpiki mjini Berlin.

Ndugu msomaji, uwe mzazi, kiongozi wa mtaa au askari, vijana wanapogombana, adhabu ina mahali pake. Lakini kabla ya kuuliza ni nani aadhibiwe, na tuulize kwanza ni nini kinachowagonganisha, na kama kinaweza kuondolewa.