Fahamu: Hewa chafu ya Kampala na mtoto aliye tumboni

PM2.5 ni nini?
Ni chembe zisizozidi maikromita 2.5 kwa upana, nyembamba takriban mara 30 kuliko unywele. Jijini Kampala hutoka kwenye moshi wa magari na bodaboda, majiko ya mkaa, takataka zinazochomwa na vumbi la barabara zisizo na lami. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza 2015, huzipima. Wastani wa jiji huzidi mara kadhaa kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO): maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka.

Zinamfikiaje mtoto?
Hapa ndipo penye uzito. Mwaka 2019 watafiti wa Ubelgiji walikuta chembe za masizi zilizovutwa na mama ndani ya kondo la nyuma, hata upande unaomwelekea mtoto. Huko São Paulo, Brazil, panya waliovuta hewa ya jiji walibeba vijusi vyenye uzito pungufu. Kwa binadamu, hewa chafu huhusishwa na watoto njiti na wanaozaliwa wadogo, ingawa ni vigumu kuutenga mchango wake na ule wa malaria au lishe duni.

Na barakoa, au njia nyingine za kujikinga?
Ya kitambaa huzuia kidogo mno. Kupikia gesi, au nje, hupunguza moshi wa nyumbani. Ule wa barabarani mjamzito hana namna ya kuuzima.