Duduvule: Jinsi ya Kumtoa Nyumbani Bila ya Kumwua

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Nadhani wote mmekwisha kukaa na daftari ziko tayari. Basi tuanze kwa kitendawili. Kitendawili! Nanyi mwajibu: Tega! Seremala wangu hana keekee wala nyundo, na boriti yangu ameitoboa.

Jibu lake ni duduvule. Mwalimu, tafadhali andika neno hilo ubaoni: du-du-vu-le. Wakiwa wengi ni maduduvule. Huenda kwenu ana jina jingine. Liandikeni na hilo kando yake.

Mnamjua. Ni nyuki mkubwa, mnene, mwenye kuvuma kwa sauti nzito. Jike kwa kawaida ni mweusi, na wa aina nyingine ana mkanda mweupe au wa manjano. Dume, kwa baadhi ya aina za huku kwetu Afrika Mashariki, ana manyoya ya manjano au ya hudhurungi, hata mtu huweza kudhani kuwa hao ni wadudu wa namna mbili. Jike hutoboa tundu la mviringo, safi kabisa, katika boriti ya paa, nguzo ya baraza au fremu ya mlango. Chini yake sakafuni huanguka unga wa mbao.

Mtu akiuona unga huo mara nyingi hukimbilia sumu. Hununua dawa ya wadudu, akapanda ngazi, akaimimina tunduni. Dawa hiyo hudondoka. Chini ya boriti kuna nini? Kuna kitanda cha mtoto, au mtungi wa maji, au kapu la unga. Sumu iliyokusudiwa kwa nyuki mmoja huwafikia watu wa nyumba nzima. Hiyo peke yake yatosha kutufanya tutafute njia nyingine, lakini liko na jambo la pili, nalo ni chakula chetu.

Tazameni ua la pasheni, ambalo wengine huliita karakara. Ili ua lizae tunda, sharti unga wake, ambao wataalamu huuita chavua, ufike kwenye sehemu ya kike ya ua, iliyo juu katikati. Na pasheni ya manjano haikubali unga wake yenyewe. Yataka unga wa mche mwingine. Nyuki wa asali ni mdogo. Huingia chini, akachukua alichotaka, akaondoka bila ya kugusa panapotakiwa. Duduvule ni mkubwa. Akiinama kunywa maji matamu ya ua, mgongo wake hupakwa unga, na katika ua jingine mgongo huo huo huugusa upande wa kike. Nchini Brazili, ambako mapasheni hulimwa kwa wingi, mahali palipo na uhaba wa nyuki wa jamii hii wakulima hulazimika kupitisha unga kwa vidole, ua moja baada ya jingine. Na ua lenyewe hufunguka siku moja tu. Fikirini kazi hiyo.

Tena biringani. Unga wa ua lake umefungiwa ndani ya vijifuko vyenye vitundu vidogo nchani, kama kichupa cha chumvi. Duduvule hulishika ua kwa miguu, akatetemeka kwa mvumo mkali, na unga ukamwagika. Nyuki wa asali hajui kazi hiyo. Huko Nguruman, nchini Kenya, wataalamu waliwachunguza nyuki wanaoyatembelea maua ya biringani, na taarifa yao iliyochapishwa mwaka 2008 ilimtaja aina moja ya duduvule kuwa miongoni mwa wafanya kazi bora. Kunde na mbaazi pia humpokea mgeni huyu. Kwa hiyo anayemwua duduvule darini huenda anajipunguzia mboga shambani.

Sasa tuingie ndani ya tundu lake. Duduvule hali mbao. Mchwa hula mbao, na huacha udongo njiani. Wadudu wadogo wanaobungua mbao huacha vitundu vingi vidogo sana. Duduvule ataka nyumba tu. Tundu lake huingia ndani sentimita chache, kisha hupinda na kuufuata urefu wa mti. Humo mama huleta unga wa maua na maji yake matamu, akafinyanga kama mkate mdogo, akataga yai moja juu yake, kisha akaziba kwa ukuta wa unga wa mbao. Mbele ya ukuta huo hutengeneza chumba cha pili, na cha tatu, na kuendelea. Yai lake ni miongoni mwa mayai makubwa kabisa ya wadudu wote. Mtoto hula mkate wake peke yake chumbani, akakua, akageuka kuwa nyuki kamili baada ya wiki kadhaa.

Tundu moja haliangushi nyumba. Hatari ni miaka. Watoto waliozaliwa katika boriti hupenda kukaa hapo hapo. Huzirefusha njia za zamani na kuongeza mpya, maji ya mvua yakaingia, mti ukaoza ndani huku nje waonekana mzima. Boriti ya namna hiyo msiisamehe. Igongeni kwa kipande cha mti: ikilia kama ngoma, mwiteni fundi.

Je, anauma? Dume hana mwiba kabisa. Yule anayekujia usoni na kusimama hewani mbele yako kama askari wa zamu, mara nyingi ni dume, naye hana silaha ila makelele. Jike ana mwiba, lakini ni mpole mpaka ashikwe au abanwe. Kwa hiyo kamwe usitie kidole tunduni. Ukichomwa, osha mahali hapo na uweke kitambaa cha maji baridi. Mtu akivimba uso au akishindwa kupumua, apelekwe hospitali mara moja, asingojee kesho.

Kabla ya kutega, sharti ujue mama huyo amefika wapi katika kazi yake. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Asubuhi, alipokwisha kuruka kwenda kutafuta chakula, chukua unyasi mkavu mwembamba, uingize tunduni taratibu. Ukigonga mwisho baada ya sentimita mbili au tatu, na sakafuni kuna unga mpya wa mbao, basi ndiyo kwanza anajenga, hajataga. Huo ndio wakati mzuri wa kumhamisha. Lakini ukimwona anarudi na unga wa manjano miguuni, tena unyasi wapinda na kuingia mbali, ujue amekwisha kuanza kuwaandalia watoto. Ukimchukua mama, watoto ambao mikate yao haijakamilika hawatapata chakula. Ukiliziba tundu, utawazika hai, au watalitafuna boriti wapate njia nyingine ya kutokea, nawe utakuwa umeongeza tundu badala ya kulipunguza. Ikiwa boriti ni nzima, ngoja mpaka wakue na kutoka.

Mtego wenyewe ni kitu rahisi. Tafuta mbao kavu, laini, isiyopakwa rangi. Tengeneza sanduku dogo, upana wa kiganja kila upande, lenye kifuniko. Kisha pima tundu la duduvule wa kwako: chonga kijiti kinachoingia humo barabara bila ya kulegea. Kijiti hicho ndicho kipimo chako, kwa maana maduduvule hawalingani kwa ukubwa. Kwa keekee, au kwa chuma kilichotiwa moto, toboa tundu la upana ule ule katika pande mbili za sanduku. Tundu lipande juu kutoka nje kwenda ndani, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Likiwa hivyo, mwanga wa nje hauingii moja kwa moja, na ndani pana giza.

Chini ya sanduku toboa tundu la kutosha shingo ya chupa ya plastiki inayopenya mwanga. Ingiza shingo ya chupa humo, uikaze, chupa ining'inie chini. Duduvule ataliona tundu lako, akadhani amepata nyumba iliyokwisha kuchimbwa. Ataingia. Akitaka kutoka atautafuta mwanga, na mwanga watoka chini, chupani. Atateremka humo, na ndani ya chupa nyembamba hawezi kurukia juu na kuipata shingo tena.

Ndiyo yote. Huko Marekani watu huutumia mtego wa namna hii sana, lakini wengi huuacha mpaka nyuki wakafa chupani. Sisi hatutaki hivyo. Toboa vitundu vyembamba kwa sindano ya moto ubavuni mwa chupa ili hewa ipite. Weka jani kavu lililokunjwa chini, apate mahali pa kushika. Tundika mtego karibu na tundu la zamani, upande usiopigwa na jua kali. Chupa juani hugeuka tanuri. Utazame asubuhi, adhuhuri na jioni, na siku usiyokuwapo nyumbani uteremshe. Nyuki wa asali au nyigu akiingia kwa bahati mbaya, mfungulie aende zake.

Asiye na mbao wala keekee aweza kufanya hivi: alfajiri, kabla ya duduvule kutoka, funika tundu kwa bilauri au mtungi wa kioo, ukiushika sawasawa ukutani. Akitoka ataingia kiooni. Telezesha karatasi ngumu katikati, na umemkamata. Lakini mwenzako aishike ngazi! Watu huumia kwa kuanguka kuliko kwa mwiba wa duduvule.

Sasa, umwachie wapi? Sikilizeni vizuri hapa. Katika pwani ya Kenya wataalamu waliwafunga maduduvule vyombo vidogo vya redio na kuwafuata wakirudi. Taarifa yao ya mwaka 2008 yasema kuwa nyuki hao wanaotembelea maua ya kunde waweza kutafuta chakula mpaka kilometa 6 kutoka kwenye kiota. Kilometa sita! Nawe wamchukua chupani mpaka nyuma ya banda la kuku, ukasema nimemhamisha. Atakuwa amefika nyumbani kabla yako.

Kwa hiyo mtego peke yake hautoshi. Kazi huanzia shambani. Wiki moja kabla ya kutega, chukua gogo kavu la mti laini, au mlingoti mkavu wa mkonge, ambao maduduvule huupenda. Watu wa Tanga na Kwale hawana shida ya kuupata. Kata kipande cha urefu wa mita moja, ukitundike au ukifunge mtini, juu kidogo ya kichwa cha mtu, mahali pa kivuli pasiponyeshewa, karibu na mapasheni au biringani zako. Toboa kitundu cha kuanzia cha kina cha sentimita tatu kwa kipimo cha kile kijiti chako. Utakapomkamata duduvule, mpeleke hapo jioni, elekeza mdomo wa chupa kwenye kitundu hicho, na umwache aingie mwenyewe. Wengine watakaa, wengine hawatakaa.

Siku hiyo hiyo uliyomtoa, rudi kwenye boriti. Chonga kigingi cha mti mgumu, kipake gundi, kipigilie tunduni, ukate kinachobaki nje, kisha upake rangi ya mafuta boriti nzima: upande wa chini, na ncha zake. Wengi hupaka upande unaoonekana tu, na duduvule hupenda upande usioonekana. Akirudi atakuta mlango umefungwa na mti wenye rangi, ambao kwa kawaida haupendi, na kule shambani kuna mti mtupu wamngoja.

Na ile boriti mbovu, iliyojaa watoto, ambayo fundi amesema sharti itoke? Msiitupe motoni. Usiku, nyuki wakiwa ndani, ziba matundu kwa vitambaa. Fundi aikate alfajiri, nanyi mkifunge kile kipande chenye viota kwenye mti kule shambani, kisha mwondoe vitambaa. Wakubwa huenda wakarudi kuitafuta nyumba ya zamani. Watoto waliomo ndani hawajaiona bado. Wakitoka, makao watakayoyajua ni hayo mapya.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja azunguke nyumba yake akaandike daftarini mambo manne: ameona matundu mangapi; yako katika mti gani; chini yake pana unga mpya au hapana; na duduvule anaporudi, miguu yake ni mitupu au imebeba unga wa ua. Asiyeweza bado kuandika sentensi nzima aandike tarakimu na achore picha. Mwalimu atazisoma mbele ya darasa. Kwaherini.