Daraja Linalotupwa Mtoni Kila Juni

Je, wajua kwamba lipo daraja la waenda kwa miguu ambalo halina hata msumari mmoja, na kila mwaka huvunjwa likajengwa upya? Linaitwa Q'eswachaka. Liko mkoa wa Cusco nchini Peru, juu ya korongo la Mto Apurímac, na limesukwa kwa nyasi. Urefu wake ni kama mita 28.

Mtindo wake ni wa Wainka, watu wa dola ya kale ya huko, ambao hawakutumia magurudumu. Barabara zao zilipitiwa na wasafiri, matarishi wa mfalme na misafara ya lama waliobeba mizigo, wote njia moja. Palipokuwa na korongo, walitanda daraja la kamba. Hili ndilo lililobaki likijengwa kwa mtindo uleule.

Nyasi zake huitwa q'oya. Hukatwa, zikaloweshwa, zikapondwapondwa kwa mawe. Aliyewaona akina mama wa Pemba wakipiga makumbi hahitaji maelezo: uzi mkavu hukatika, uliolowa na kupondwa hukubali kusokotwa. Huko pia wanaosokota hasa ni wanawake, kwa viganja, na kila kaya huleta fungu lake. Mwiko unawakataza kusogelea daraja likijengwa, kwa hiyo husokotea juu, mbali na kingo. Wanaume hupokea zile kamba nyembamba, wakazivuta na kuzisuka pamoja hadi zikawa nene kama paja la mtu. Nne huwa sakafu, mbili huwa za kushika kwa mikono.

Daraja kuukuu hukatwa likadondoka mtoni. Hakuna anayelisikitikia, ni nyasi, zitaoza. Kisha mafundi waitwao chakaruwaq huketi juu ya kamba mpya, miguu ikining'inia juu ya maji, wakifunga kamba za mikono na za sakafu. Mmoja huanzia huku, mwenzake kule, wakakutana katikati. Kazi yote ni siku tatu. Siku ya nne ni ngoma na chakula.

Wageni husifu nguvu ya nyasi. Mimi nasifu kalenda yao. Wenyeji wanajua nyasi hazidumu, na hawangoji daraja lianze kulia ndipo waitane.

Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza ujuzi huu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mwaka 2020 korona ilizuia kazi, na nyasi za mwaka uliotangulia zikaachwa juani na mvuani. Machi 2021 daraja lilikatika, likaanguka. Juni ya mwaka huohuo watu wa jamii za huko, Huinchiri, Chaupibanda, Choccayhua na Ccollana Quehue walirudi na mafungu yao, wakalitanda tena.

Jirani yake lipo daraja la kisasa la magari. Ukitaka kuvuka lile la nyasi, nenda mara baada ya Juni, lingali jipya.